Taa Isiyozimika: Dashibodi za Magari ya Mtumba na Uamuzi wa Mwenye Gari Katavi

Taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka na kugoma kuzima, mwenye gari wa Mpanda hakosi washauri. Fundi mmoja atamwambia achomoe betri usiku kucha, asubuhi taa itakuwa imekwisha. Mwingine atasema masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yameziba, yatolewe. Wa tatu atafungua dashibodi na kukata waya wa taa yenyewe. Dereva mwenzake atamsihi asijisumbue, kwa kuwa la kwake limewaka tangu linunuliwe na bado linapeleka mzigo Karema na kurudi. Majibu haya yanapingana, lakini kila moja lina mtu anayeapa kwamba lilimsaidia, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: wote wanazungumzia taa moja kana kwamba ina chanzo kimoja.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba hasara kubwa ya taa isiyozimika haiko kwenye hitilafu iliyoiwasha mara ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ndogo. Iko kwenye hitilafu ya pili. Taa ikishakuwa imewaka muda wote haina tena namna ya kumwarifu dereva jambo jipya, na kwa maana hiyo gari lenye taa iliyokatwa na gari lenye taa iliyozoeleka yako katika hali moja. Njia yoyote ya kushughulikia taa hiyo ipimwe kwa swali hili: baada ya kazi ya fundi, je, taa bado inaweza kusema?

Gari linafika na umri wake

Magari mengi madogo yanayozunguka Makanyagio, Kashaulili na Majengo, au yanayokwenda Inyonga, Sitalike na Majimoto, yalianza maisha yake Japani. Tanzania haijaweka ukomo wa umri wa gari linaloingia, tofauti na Kenya inayokataa gari lililozidi miaka minane. Kwetu umri hulipiwa: gari la kutembelea la miaka minane hadi kumi hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30. Hata baada ya ushuru huo, gari kuukuu bado ndilo linaloweza kununuliwa na mwalimu, mkulima wa mpunga au muuza duka. Ndiyo maana IST, Vitz, Passo, Spacio na Probox za miaka ya 2000 zimejaa barabarani.

Huko zilikotoka, gari binafsi hupita ukaguzi uitwao shaken, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili. Tangu Februari 2017, gari linalofikishwa kwenye ukaguzi huo huku taa ya injini, breki, ABS au eabegi ikiwa imewaka hurudishwa bila kukaguliwa. Mjapani mwenye gari la miaka kumi na mitano na taa iliyowaka anajikuta na hesabu mbili mkononi: alitengeneze ili lipite, au aliuze. Tunapoona taa hiyo Mpanda tusidhani kila mara kwamba barabara zetu ndizo zilizoiwasha. Sensa na waya za gari hilo zilishakula joto la injini kwa miaka mingi kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Katavi inaongeza yake: vumbi la barabara ya Mishamo linaloingia kwenye chujio la hewa, tope la mvua za Novemba hadi Aprili linalong'ang'ania waya za sensa za magurudumu, na panya wanaotafuna nyaya za gari lililolazwa karibu na ghala la mahindi.

Kuna sababu nyingine ambayo huzungumzwa kidogo, nayo ni lugha ya kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi huiita kontrol boksi. Marekani ililazimisha magari yote mapya kuanzia 1996 yawe na soketi ya aina moja na namba za hitilafu za aina moja; Ulaya ikafuata 2001 kwa magari ya petroli. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yalichelewa kuingia kwenye utaratibu huo. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi ileile ya matundu 16 chini ya usukani, lakini mara nyingi zinazungumza lugha ya Toyota yenyewe. Kifaa cha bei nafuu kinachounganishwa na simu hushindwa kusoma gari la namna hiyo. Mwenye gari akiona kifaa hakileti kitu, hufikia moja ya mahitimisho mawili, yote ya makosa: kwamba gari ni zima, au kwamba kompyuta imekufa na inunuliwe nyingine.

Taa moja si sawa na nyingine

Kabla ya kupima rai zinazoshindana, lazima tutenganishe taa zenyewe, maana nusu ya mabishano ya gereji hutokana na kuzichanganya. Nyekundu ni ya kusimama. Ile ya kopo la oili huwashwa na swichi ya presha, na swichi hiyo haipimi kiasi cha oili kilichomo. Inasubiri presha ishuke karibu na sifuri ndipo iwake. Ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi, dereva hana muda wa kutafuta mahali pazuri pa kuegesha. Nyekundu ya joto ina uzito huohuo, na kwa Vitz na Passo ina uzito zaidi, kwa sababu magari hayo mengi hayana geji ya joto: yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, basi. Anayeikata taa hiyo ameondoa kipimo pekee cha joto kilichokuwapo. Njano kwa kawaida inaruhusu kuendelea, isipokuwa ile ya injini inapomwekamweka. Hiyo inasema silinda moja au zaidi inakosa kuwaka na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi, ambako itayachoma masega.

Kuna taa ambayo haina sensa kabisa, na inastahili kutazamwa kwa karibu kwa kuwa Prado na Hilux Surf za dizeli zenye injini ya 1KZ-TE ni nyingi katika mkoa wenye hifadhi, misitu na vijiji vya mbali. Taa ya T-BELT kwenye magari hayo huwaka kilomita zikitimia 100,000. Haijui mkanda wa taimingi uko katika hali gani. Inahesabu umbali tu. Fundi aliyebadilisha mkanda huizima mwenyewe, kwenye mifano mingi kwa kubonyeza kitufe kidogo kilichofichwa nyuma ya kizibo cha mpira kwenye dashibodi, au kwa kuhamisha skrubu nyuma yake. Kazi hiyo ya dakika chache inaweza kufanywa bila mkanda kuguswa. Taa itazima na kukaa kimya kwa kilomita nyingine 100,000, wakati mkanda wa zamani unaendelea kuzunguka. Siku utakapokatika, pistoni zitagonga valvu na injini itafunguliwa yote. Mwenye gari aliyeinunua Prado hiyo baadaye hana namna ya kujua kwa kuitazama dashibodi. Anachohitaji ni karatasi au maandishi yanayoonyesha mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita ngapi, na kama hakuna, aubadilishe na aanze hesabu yake upya.

Rai ya kwanza: izimwe

Wanaosema taa ikatwe au ifunikwe kwa tepu nyeusi wana hoja zaidi kuliko wanavyodhaniwa. Gari linatembea. Spea haipatikani Mpanda na inapaswa kuagizwa Kariakoo au Ilala, ikafika kwa basi kupitia Dodoma na Tabora, na inaweza kuwa feki. Sensa yenyewe, wanasema, iliwekwa kwa ajili ya sheria za moshi za nchi nyingine. Na taa inayowaka usoni usiku, safari nzima ya kutoka Mpanda hadi Sumbawanga, inachosha kweli.

Hoja ya moshi wa nchi nyingine ilikuwa na nguvu zamani. Petroli yenye risasi iliua masega na sensa za oksijeni bila huruma, lakini iliondoka katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Dizeli yenye salfa nyingi nayo ilipigwa marufuku Afrika Mashariki kuanzia Januari 2015, kiwango kikashushwa hadi chembe 50 kwa milioni. Tatizo la mafuta kuchakachuliwa ndilo lililofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Bado mafuta yanayouzwa kwa chupa na madumu nje ya barabara kuu yanaweza kuwa na maji au uchafu. Lakini hiyo ni sababu ya kuihitaji taa. Dizeli yenye maji huwasha taa ya chujio la mafuta kabla maji hayajafika kwenye pampu, na kumwaga maji yale kwenye kikombe cha chini ya chujio ni kazi ya mkono mmoja.

Vilevile sensa ya oksijeni haishughuliki na moshi peke yake. Ndiyo inayoiambia kompyuta petroli iongezwe au ipunguzwe. Ikifa, kompyuta hukadiria, na mara nyingi hukadiria kwa kuzidisha. Mwenye gari anayejivunia kwamba ameokoa bei ya sensa anaweza kuwa anailipa kidogokidogo kwenye kituo cha mafuta. Tena petroli inayozidi ndiyo inayoharibu masega, na masega yakishatolewa, sensa ya nyuma huanza kuona moshi uleule unaoonwa na ya mbele. Kompyuta huandika P0420, namba ya masega yasiyofanya kazi, na taa inarudi. Kwa njia hii dawa ya taa moja imezaa taa nyingine, na katikati kuna mtu aliyeondoka na masega yenye platinamu, paladiamu na rodiamu, bidhaa yenye wanunuzi. Mwenye gari anayeambiwa masega yatolewe ana haki ya kuuliza yataishia wapi.

Rai ya pili: ifutwe

Kuchomoa betri au kufuta namba kwa mashine kunaonekana kuwa njia ya kati, na kuna wakati ni sahihi: baada ya matengenezo, au pale ambapo hitilafu ilikuwa ya muda, kwa mfano soketi iliyolowa na sasa imekauka. Udhaifu wake ni kwamba inaleta ushahidi wa uongo wa uponyaji. Hitilafu nyingi za injini hazihesabiwi mpaka zionekane katika safari mbili mfululizo, kwa hiyo taa iliyofutwa itakaa kimya siku kadhaa hata kama hakuna kilichobadilika. Mwenye gari ataamini betri ndiyo iliyokuwa tatizo. Muuzaji naye, akifuta asubuhi, mnunuzi atalijaribu gari mchana likiwa safi kabisa.

Baya zaidi, kufuta kunaondoa kumbukumbu. Hitilafu inapoandikwa, kompyuta huhifadhi pia hali ya injini wakati huo: mwendo, joto, mzigo. Kwa fundi anayejua kusoma, taarifa hizo ndizo zinazotofautisha waya uliolegea unaosumbua kwenye makorongo ya njia ya Uvinza na sensa iliyokufa inayosumbua kila mahali. Anayefuta kabla ya kusoma anamlazimisha fundi kuanza kubahatisha. Na kama hitilafu imeondoka kweli, kufuta hakuhitajiki: magari mengi huizima taa yenyewe baada ya safari tatu zisizo na tatizo.

Rai ya tatu: kitengenezwe kila kitu

Upande wa pili wako wanaoshikilia kwamba gari lisitoke gereji mpaka dashibodi iwe safi. Kiusalama wako sawa, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka chombo kiwe kizima barabarani. Shida ni kwamba rai hii inachukulia namba ya hitilafu kama jina la spea. Namba ya P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyomo. Haisemi kama hewa inaingia kwenye hosi iliyopasuka, kama pampu ya petroli imechoka, au kama sensa ya hewa imejaa vumbi. Fundi anayebadilisha sensa kila anapoona namba hiyo atauza sensa tatu kabla ya kuigusa hosi. Kwa mtu wa Mpanda, ambaye kila spea ina nauli na siku za kusubiri, ukamilifu wa namna hii unafilisi, na baada ya kufilisika atarudi kwa yule mwenye kisu cha kukata waya. Wengi waliokata waya walianza kwa kutaka kutengeneza.

Rai ya nne: kuishi nayo

Hii ndiyo rai inayofuatwa na wengi, ingawa haina watetezi wengi. Ina hekima yake. Taa ya ABS iliyowaka kwa sababu waya wa gurudumu moja umekatika haizuii breki za kawaida kushika, na dereva mwangalifu anaweza kwenda hivyo mpaka apate fedha. Lakini kuishi na taa kunakubalika kwa anayeijua namba yake tu. Asiyeijua anaishi na kitu kisichojulikana, na hitilafu ikiongezeka chini ya taa ileile hataiona. Barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda imerahisisha safari sana, lakini upande wa Koga na Inyonga bado inapita kwenye mapori marefu yenye makazi machache. Mtu aliyezoea njano yake hatagundua kwamba safari hii ilikuwa na sababu nyingine, mpaka gari lizime porini.

Kupima

Nikizipima rai hizi, naona kosa linalozifananisha: zote zinaanza na uamuzi kabla ya kusoma. Kusoma kukitangulia, sehemu kubwa ya ubishi inakwisha. Nyekundu hazijadiliwi. Kwa njano, namba ikijulikana, kinachohusu injini kukosa kuwaka, mafuta, breki na eabegi kitangulie. Kingine kinaweza kusubiri mavuno. Namba iandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe na kilomita, kisha ifutwe kwa makusudi. Hapa kufuta kuna maana nyingine kabisa: taa imerudishiwa kazi yake. Ikirudi na namba ileile, tunajua. Ikija na mpya, tumearifiwa. Mwenye gari ambaye hawezi kununua sensa mwezi huu anaweza kabisa kufanya hivi.

Pingamizi la haraka ni kwamba mashine za kusoma hazipatikani kirahisi nje ya mji. Ni kweli, ingawa Toyota nyingi za zama hizo zina njia isiyohitaji kompyuta. Tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ile ya matundu 16 huunganishwa kwa kipande cha waya, swichi ikafunguliwa bila kuwasha injini, na taa yenyewe ikaanza kumweka kwa mpangilio unaohesabika. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, kisha ikamweka mara tano, hiyo ni 25, ambayo kwenye orodha ya Toyota ni mchanganyiko wenye hewa nyingi. Fundi umeme makini anaifanya kazi hiyo Inyonga au Mishamo. Awe makini kweli, kwa sababu tundu la 16 lina moto wa betri muda wote, na waya ukikosea njia unaweza kuunguza fyuzi au kompyuta. Ni jambo la kusikitisha kuona taa ikikatwa wakati yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuhesabu tatizo lake mbele ya fundi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata dashibodi safi si ushahidi kamili. Nalikubali. Eabegi za Takata, zilizosababisha urejeshaji mkubwa kuliko wote katika historia ya magari na kuifilisi kampuni hiyo Juni 2017, zina kemikali inayoharibika kwa miaka ya joto na unyevu hadi kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Taa ya eabegi haigundui hilo. Inakagua nyaya na umeme tu. Gari la Kijapani lililoingia Tanzania bila kubadilishiwa kifaa hicho litaonyesha dashibodi safi. Namba ya chasisi ndiyo inayoweza kuulizwa kwa mtengenezaji kama gari limo kwenye orodha. Lakini mipaka ya taa haimpi mtu ruhusa ya kuikata, hasa ikizingatiwa kwamba taa ya eabegi huwashwa mara nyingi na kitu kidogo kama soketi ya njano iliyolegea chini ya kiti, na inapowaka mfumo kwa kawaida hujifunga, eabegi zisifunguke kwenye ajali.

Anayenunua na anayetengeneza

Mnunuzi ana kipimo kisichogharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, afungue swichi bila kuwasha na atazame. Taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka. Isiyowaka imekatwa au imeungua. Kisha asiwashe haraka. Atulie na kuitazama taa ya eabegi. Kwenye Toyota huzima yenyewe baada ya sekunde kama sita, wakati ile ya injini na ile ya oili zinaendelea kuwaka mpaka gari liwashwe. Ikiwa ya eabegi inasubiri na kuzima sawia na ya oili injini inapowaka, yupo mtu aliyeunganisha waya wake na wa oili ili ionekane nzima. Huu ni udanganyifu, na mnunuzi aliyeuona ana sababu ya kutilia shaka kila kitu kingine anachoambiwa kuhusu gari hilo.

Mafundi nao tusiwalaumu bila kutazama wanavyolipwa. Katika gereji bubu, na hata katika nyingi zenye leseni, mteja hulipa kwa kilichobadilishwa au kwa taa iliyozimika. Halipi kwa kujua. Fundi aliyetumia saa nzima kugundua kwamba shida ni hosi ya bei ndogo atapata pungufu ya aliyekata waya kwa dakika tano. Malipo yakiwa hivyo, kukata kutaendelea hata kama kila fundi ana mashine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni, na usomaji wa hitilafu ungefaa kuwa sehemu nzito ya upimaji wa fundi wa magari. Lakini badiliko linaloweza kuanza wiki hii liko kwa mteja: akubaliane na fundi bei ya kupima peke yake, ailipe hata kama hakuna kilichobadilishwa, na aondoke na namba ikiwa imeandikwa kwenye daftari lake kabla ya mtu yeyote kushika spana.